Jigi Hii Umeipata kwa Nani?

London
4 Februari 1976

Mjomba Murty,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo umepona na yule ng'ombe hajakupiga teke tena. Mimi mzima, ila wodi yetu imejaa wagonjwa wa mafua na sijui lini mara ya mwisho nilikaa chini nikanywa chai ikiwa bado moto.

Nina ombi moja, na nakusihi usinijibu kwa mzaha. Bendi yetu inatoa santuri, ya kwanza. Upande wa kwanza unaanza na jigi ya mama, ule wimbo wa dansi ambao nyumbani haukuwa na jina, tulisema tu "ile ya Delia" kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akiianzisha. Sasa Bwana Hallam mwenye kampuni anataka nyuma ya jalada tueleze kila wimbo umetoka wapi. Zote nimeziandika. Hiyo moja ndiyo sijui.

Na matata yenyewe ni haya. Senan Considine wa ng'ambo ya mto amepata habari za santuri kupitia binamu yake aliyeko huku London, Kilburn, naye amemwandikia Bwana Hallam kwamba jigi hiyo ni ya babu yake, kwa hiyo iitwe "Jigi ya Considine". Bwana Hallam si mtu mbaya. Ananiambia, "Yeye ana maelezo, wewe huna." Nisipompa la maana kabla ya Pasaka, jina la Considine litapigwa chapa.

Mama ametutoka, huu mwaka wa pili. Hakuniachia shamba wala ng'ombe. Aliniachia fidla na jigi hiyo, na sitaki kuisikia ikitembea duniani kwa jina la mtu mwingine. Wewe ndiye kaka yake, mmekua chini ya paa moja. Niambie tu: aliipata kwa nani?

Mpwa wako,
Imelda Talty


Knockaleen, Kaunti ya Clare
11 Februari 1976

Kwako Imelda, binti wa dada yangu,

Barua imefika, na Tessie wa posta alikuwa ameshaisoma kwa kuiinua dirishani, kwa hiyo parokia nzima inajua una kesi na Considine. Mimi mzima. Mgonjwa ni ng'ombe. Safari hii aliponipiga teke alikuta mfupa mtupu, kwato ikapasuka, na daktari wa mifugo anasema hajaona kitu kama hicho tangu azaliwe.

Umebisha hodi kwenye mlango wenyewe. Shule niliiacha mapema, na si kwa ujinga, mwalimu ndiye aliyeishiwa. Lakini kwa mambo ya fidla, mpwa wangu, watu wameshuka melini kutoka Amerika wakauliza njia ya kwangu kabla hawajauliza choo.

Basi chukua kalamu. Babu wa babu yako, Sylvester Marrinan, alikuwa na jike la farasi jina lake Pegeen. Pegeen alivuta mkokoteni wa mboji, ile tunayochoma kama kuni, kutoka bwawani hadi jikoni huku kwato zake zikipiga jigi barabarani: ta-ra-ta, ta-ra-ta. Utasema miguu minne haiwezi kupiga mapigo ya tatu-tatu. Sasa hicho ndicho kinaitwa kipaji. Alipokufa, Sylvester alifanya kama wazee wote walivyofanya, alizika fuvu lake chini ya jiwe la mbele ya jiko ili sakafu iitikie vizuri watu wakicheza. Sakafu za wengine ziliitikia. Yetu ilianza yenyewe! Jumapili hiyo watu hawajainua hata mguu, jigi ikatoka chini ya jiwe, sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, kama kawaida. Kazi ya Sylvester ilikuwa kukimbilia fidla tu.

Na ndiyo maana sehemu ya pili inapanda, inapanda, halafu ikifika mlangoni pa sauti ya juu inageuka ghafla na kushuka. Ni Pegeen huyo. Maisha yake yote hakuwahi kukubali kuvuka daraja.

Sylvester akampa mwanawe, mwanawe akampa baba yetu Thady, baba akampa mama yako. Nilikuwepo. Delia alikuwa bado na kitambaa kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kilichobanwa na mlango wa zizi kikabaki kama ndoano. Mlango ule niliung'oa kwa mkono mmoja, kwa hasira. Uliza mtu yeyote, ila usiwaulize waliokuwepo.

Andika hivyo hivyo. Na huyo Senan mwambie babu yake alikuwa na fidla, ni kweli, alifukuzia kunguru.

Mjomba wako,
Murty Marrinan


London
20 Februari 1976

Mjomba,

Nilikuomba usinijibu kwa mzaha.

Nyumba yenu ilijengwa na babu Thady. Wewe mwenyewe umenisimulia tangu nikiwa mtoto jinsi ulivyobeba mawe ya ukuta, kila mwaka jiwe linazidi ukubwa. Sylvester alikuwa kaburini siku nyingi. Na jikoni kwenu sakafu ni saruji, haina jiwe wala fuvu, nimeipiga deki mara ngapi? Niandike hayo kwenye jalada, watu wa Clare waliojaa hapa London wanicheke mpaka nihame mji?

Sasa sikia. Senan amepiga jigi hiyo redioni, binamu yake akairekodi kwenye kaseti na kuniletea mpaka hospitali, kwa wema mwingi, yaani kunikomoa. Anapiga vizuri. Naumia kulisema. Isipokuwa pale kwenye sehemu ya pili, pale ambapo ya kwetu inageuka. Yeye hageuki. Anapanda mpaka ile sauti ya juu kabisa, inayoguswa kwa kidole cha mwisho, kisha anashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa. Ni kama ameziba ufa kwa plasta. Hakuna kosa, lakini ule mshtuko wa moyo haupo tena.

Mtangazaji akamwuliza swali ambalo kwetu kila mtu huuliza kabla hata ya kusifu: "Umeipata kwa nani?" Senan akajibu, "Kwa babu yangu." Basi. Hakuweka farasi. Na sauti yake, Mjomba, si sauti ya mwongo. Hilo ndilo linalonitisha.

Tafadhali. Ukweli tu, hata kama ni mfupi na hauna mnyama ndani yake.

Imelda


Knockaleen
2 Machi 1976

Kwako Imelda,

Kesho ni Jumatano ya Majivu na nimeamua Kwaresima hii nifunge uongo, kwa hiyo nakuandikia leo.

Umenichokoza kwa kusema Senan anapiga vizuri. Ukoo wa Considine ni mafundi plasta tangu enzi na enzi, ufa wakiuona mkono unawawasha. Nimekutana naye Jumamosi pale kwenye kituo cha maziwa. Nikiwa nashusha mikebe, nasikia nyuma yangu:

"Murty! Hamjambo huko mlimani?"

"Hatujambo, Senan. Nasikia uliingia redioni. Redio imepona?"

"Imepona. Uliisikia?"

"Waliisikia ng'ombe. Haya maziwa unayaona? Yalikuwa mazima mpaka Jumapili."

Watu wakacheka. Lakini Senan si mtu wa kutingishika, ni kama nguzo ya lango. Akaweka mkebe chini, akasema, "Sawa, bwana mkubwa. Kama si ya babu yangu, ni ya nani?"

"Yetu."

"Yenu mmeipata kwa nani?"

Sasa hapo, Imelda, wanaume wote wa parokia mbili wakanyamaza na mashine ya maziwa nayo ikanyamaza, nadhani kwa adabu. Nikawaambia, na wewe nakuambia, maana hii ndiyo yenyewe, ile ya farasi nilikuwa nakupima akili.

Alikuwepo fundi wa masufuria, Johnny Sherlock, mmoja wa wale wanaosafiri na mikokoteni. Mvua ilimkamata hapa mlimani, na mvua ya siku hiyo usiifananishe na hii ya siku hizi, ile ilitoka chini vilevile. Akajikinga kwetu. Tukampa kabichi na nyama ya nguruwe. Mikey hakuwa na cha kutulipa, akachukua fidla ya baba ukutani, akapiga jigi hiyo akiwa amekaa juu ya ndoo. Kipofu yule, machozi yanamtoka! Mama yako alikuwa msichana, akaidaka palepale, na kesho yake fundi akaenda zake na hakuonekana tena. Baba alisema ni wimbo wa zamani sana, labda wa kabla ya viazi kufika nchini.

Haya. Huna haja ya zaidi. Senan mwenyewe alijikuna kidevu, akauchukua mkebe wake.

Mjomba wako,
Murty

Kwato ya ng'ombe imeota tena, ndefu kuliko ya kwanza.


London
9 Machi 1976

Mjomba Murty,

Fundi wako ukurasa wa kwanza anaitwa Johnny, ukurasa wa pili ni Mikey, na chini kabisa amekuwa kipofu. Kipofu anayeziba masufuria. Umenichosha. Nimesoma barua yako kwenye basi nikasema "Mungu wangu" kwa sauti mpaka kondakta akaniuliza kama nataka kushuka.

Jana Bwana Hallam amenipa siku ya mwisho, wiki moja kabla ya Pasaka. Ameshaandika "Jigi ya Considine" kwa penseli. Kwa penseli, amesisitiza, ananionea huruma.

Kama hujui, sema hujui. Neno moja, nitakuelewa, nitanyamaza. Lakini kama unajua na unanificha, basi nieleze nimekukosea nini. Mama aliponifundisha jigi hii nilimwuliza hivihivi, "Umeipata kwa nani?" Akacheka, akapaka utomvu kwenye upinde wa fidla, akasema, "Muulize Murty, yeye ndiye mwenye maneno."

Nimekuuliza mara ya tatu sasa.

Imelda


Knockaleen
17 Machi 1976

Imelda,

Sijui.

Murty


London
28 Machi 1976

Mjomba wangu,

Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia barua ya neno moja. Hata kadi ya Krismasi huwa unapindisha maneno pembeni mpaka stempu inazama. Nimeitazama hiyo "Sijui" kwa siku kadhaa. Farasi sikumwamini, fundi sikumwamini, lakini huo ndio uongo wa kwanza uliokushinda kuupamba.

Halafu limetokea jambo. Wiki iliyopita nilikuwa nakata mkate wa magadi, mgumu kama wa kwako, kisu kikateleza kikanipasua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Wamenishona, wakanifunga bandeji. Mazoezi ya bendi yalikuwa siku iliyofuata na sikuweza kuyakosa, nikaenda nikapiga kwa vidole vilivyobaki. Aibu tupu! Kila wimbo ulichechemea. Pale nilipozoea kupanda juu nilikuta pengo, wenzangu wananiangalia kama nimekunywa.

Tukafika kwenye ile ya mama. Mjomba, haikuchechemea hata mahali pamoja. Ilikaa mkononi kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu. Niliipiga mpaka mwisho, nikairudia, wenzangu wakaacha kupiga wakanisikiliza. Pale kwenye sehemu ya pili inapopanda na kufika mlangoni, pale ambapo mtu yeyote mwenye mkono mzima angenyoosha kidole cha mwisho, yenyewe inageuka. Ule mgeuko ambao baba na babu na kila mpiga fidla wa Clare amekuwa akiusifu eti ndio uzee wenyewe! Si uzee. Ni kwamba mtungaji hakuwa na kidole cha kufikia huko juu. Alifika mwisho wa mkono wake, akatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia hiyo ikawa nzuri kuliko ile iliyomshinda.

Sasa naelewa ya Senan pia. Babu yake alikuwa na vidole vyote. Alisikia pengo akalijaza. Kwa hiyo ya kwao ndiyo iliyotoka kwa ya kwetu.

Na kidole kilichopinda kama ndoano, Mjomba, umekitaja mwenyewe katikati ya habari za Pegeen.

Mama hakuipata kwa mtu, sivyo? Alipokuwa hai nimeketi naye jikoni miaka yote hiyo na hakuniambia. Niambie kama nimekosea.

Imelda


Knockaleen
4 Aprili 1976

Kwako Imelda,

Kwanza kabisa liandikwe hili: mimi sijasema neno. Umefika peke yako, kwa kisu na mkate. Kuna mtu niliyemwapia juu ya kitabu cha sala cha marehemu mama yetu kwamba sitamwambia yeyote, na mpaka leo hii sijamwambia yeyote. Nimesema uongo wa kila rangi, kilabuni, kwenye kituo cha maziwa, kwa Padri, na ndani ya uongo wote huo halijadondoka hata tone moja la ukweli. Wewe unaona nacheza? Hiyo ni kazi, binti. Mtu akinyamaza watu wanachimba. Mtu akipayuka wanachoka.

Sasa nitakupa habari za msichana mmoja. Simtaji. Usijaribu kumtafuta.

Msichana huyu baba yake alikuwa mpiga fidla mkubwa, na mkali. Alikuwa na usemi wake: "Wimbo mpya ni mkate wa dukani, leo laini, kesho ukungu." Kijana mmoja wa Quilty alikuja akapiga kitu alichokitunga mwenyewe, na akasema amekitunga, mjinga yule. Mzee hakumtukana. Alifunga fidla yake kwenye sanduku, akaenda kuangalia nguruwe. Ndivyo ilivyokuwa huku, na bado. Mtu akitunga wimbo anauficha kama aliyeiba kuku. Atasema nimeupata kwa fulani, na afadhali fulani awe amekufa.

Basi msichana akabanwa kidole na mlango wa zizi. Kilipokauka baba yake akakitazama, akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, "Pole mwanangu. Fidla inataka vidole vinne." Akaipandisha fidla ndogo ya msichana juu ya kabati.

Msichana hakulia. Alikuwa akienda kukamua, anakawia. Kaka yake, kijana mmoja mzuri sana wa sura, mwenye nguvu, nimesahau jina, akamfuata akamkuta zizini na fidla, anapapasa. Mlango uleule uliomvunja ameufunga kwa kamba asisikike. Anapanda, anafika, anakwama. Anarudi mwanzo. Anapanda, anakwama. Anatukana, maneno ambayo Padri hayajui. Siku kadhaa hivyo, ng'ombe wamechoka. Mpaka siku moja hakukwama. Aligeuka. Na yule ndugu yake aliyekuwa nyuma ya mlango, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikaa juu ya ndoo kama amepigwa.

Ukaja mchana mmoja wa mvua. Baba yuko jikoni anakunywa chai. Msichana akachukua fidla, akapiga. Mzee akaweka kikombe chini. Alipomaliza, mzee akauliza lile swali:

"Umeipata kwa nani?"

Msichana akashusha upinde. Akamtazama ndugu yake.

"Kwa yule fundi wa masufuria, baba," kijana akasema. "Alijikinga mvua hapa ulipokuwa mnadani."

Mzee akasogeza kikombe kando. Kisha akasema, "Hiyo ni ya zamani sana. Hakuna aliye hai anayeweza kutunga namna hiyo. Sikieni pale inapogeuka. Irudie, mwanangu." Akaitoa fidla yake ukutani na yeye, akajifunza kwa binti yake, baba mtu mzima. Ile ndogo haikurudi tena juu ya kabati.

Unaelewa mateso yangu? Yaani mateso ya kijana yule. Huo ndio uongo bora kuliko yote aliyowahi kutunga, umefanya kazi miaka na miaka, na hawezi kujisifia mbele ya mtu!

Mzee aliipenda jigi ile kuliko watoto. Akaipeleka kila mnada. Huko ndiko babu yake Senan alikoipata, kwa hiyo mwache Senan, hasemi uongo, anasema alichokikuta. Na mzee alipokuwa anakufa aliomba apigiwe hiyo jeneza likitoka kanisani. Padri akakataa fidla kanisani. Msichana, mwanamke mzima sasa, mjamzito, akasimama kwenye lango la makaburi, mvua inanyesha, akaipiga mpaka baba yake akapita. Tumboni alikuwa nani, jibu mwenyewe.

Tulipokuwa tunarudi, yaani walipokuwa wanarudi, kijana akamwambia, "Sasa sema. Amekwenda, sema ni yako." Akasema, "Nimfanye mjinga kaburini? Alimwambia kila mtu kuwa ni ya kale. Acha tu. Na uape." Akaapa.

Ndiyo hayo. Ukiandika kwamba ameitunga yule ninayekataa kumtaja, babu yako atachekwa na ukoo mzima wa Considine, mzee aliyesifika kwa masikio yake, akadanganywa jikoni kwake. Usipoandika, inakwenda kwa penseli ya huyo Hallam. Mimi sina ushauri. Safari hii nikisema sijui, sijui kweli.

Mjomba wako,
Murty


London
10 Aprili 1976

Mjomba,

Nimelia, nimecheka, nikaingia zamu na macho mekundu, mgonjwa akanipa leso yake. Huyo kijana wako mzuri wa sura, mwambie namshukuru.

Nimempelekea Bwana Hallam maneno haya, ayapige chapa bila kuongeza nukta:

"Jigi ya Delia. Nimeipata kwa mama yangu, Delia Marrinan wa Knockaleen."

Akaniuliza, "Na yeye aliipata kwa nani?" Nikamwambia mstari unaishia hapo. Akasema Senan ana vizazi viwili, mimi nina kimoja. Nikamwambia hicho kimoja kinatosha, asikilize kanda zote mbili pale sehemu ya pili inapofika juu, achague mwenyewe. Akasikiliza. Akachukua kifutio.

Sijaandika neno la uongo, na siri ya mama haijatoka. Babu alale salama. Mwenye masikio atasikia.

Wewe usimwambie mtu. Najua unanielewa ninaposema usimwambie mtu.

Imelda


Knockaleen
22 Juni 1976

Kwako Imelda,

Santuri imefika. Sina mashine ya kuipigia, nimeiweka kwenye kabati la vyombo, na kila anayeingia analazimika kuitazama kabla ya kupewa chai.

Jumatatu ya wiki jana nani akaegemea nusu-mlango wangu? Senan Considine, kavaa kofia ya kanisani. Na yeye anayo santuri yake, ameletewa na yule binamu.

"Karibu, Senan. Umekuja kuisalimia redio?"

"Nimekuja kusoma," akasema. Akaketi, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye jalada. "Hapa pameandikwa, nimeipata kwa mama yangu. Sawa. Na Delia, Murty, aliipata kwa nani?"

Imelda, nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu! Nilikuwa na askofu wa Ureno aliyevunjikiwa na meli, amefika ufukweni kapanda pipa, fidla mkononi, nimekuwa nikimtunza askofu huyo tangu Pasaka kwa ajili ya siku kama hiyo. Alikuwa ameshanifika ulimini.

Nikafunga mdomo.

Birika likachemka. Kuku akaingia, akatutazama, akatoka. Senan akavua miwani.

"Murty, unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Nikaitoa fidla ya baba ukutani, nikakikunja kidole changu cha mwisho chini ya shingo ya fidla, nikapiga. Vizuri sana, kusema kweli, sijawahi kusikia mtu akipiga vile, ila hayo si ya leo. Senan hakuutazama upinde. Alitazama mkono wa kushoto. Nilipofika pale juu, nikaona kidole chake kimeinuka juu ya goti, kwa mazoea, kwenda kugusa ile sauti yao. Kikabaki hewani. Jigi ikageuka, na yeye akakilaza kidole polepole.

Alimfahamu Delia. Wamesoma darasa moja. Anakijua kile kidole.

Nikammiminia chai. Alikunywa chai yote, akachukua kofia, na akiwa mlangoni akasema, "Babu yangu aliikosea."

"Aliirekebisha tu, Senan," nikasema. Mimi! Kumtetea Considine!

"Aliikosea," akasema, akaenda zake.

Juzi Jumapili baada ya misa tulikuwa kilabuni, fidla zimetoka, Senan akaianzisha. Nilishika bia yangu nikangoja sehemu ya pili. Akapanda, akafika mlangoni, akageuka. Padri kijana, huyu mpya anayejifanya mpenzi wa muziki, akamsogelea akamwuliza, "Nzuri sana hiyo, Senan. Umeipata kwa nani?"

"Kwa Delia Marrinan," Senan akasema.

Padri akageuka kwangu, mimi kaka mtu, macho yanamng'aa, anangoja hadithi. Kilabu kizima kinangoja.

Nikamwambia bia yake inaishiwa povu.

Mjomba wako,
Murty